Vitanda Ishirini Kwenye Meli ya Baridi

Bergen, Norwe, tarehe 3 Oktoba 2023

Yaya Kyakimwa, dada yangu mkubwa,

Jambo sana. Ni miezi mitano sasa hupokei simu yangu, na kwenye WhatsApp naona umesoma lakini hujibu. Basi mimi leki yako, mdogo wako, nakuandikia barua kama zamani. Namtumia Kasereka, mwanao, akuchapishie pale sekretariati anapofanya kazi, akuletee dukani. Nakuomba usiichane kabla ya kufika mwisho.

Nina habari njema. Miaka kumi sasa nafua mashuka kwenye meli ya watalii inayopanda na kushuka pwani ya huku. Mfanyakazi akitimiza miaka kumi, kampuni inampa zawadi, mara moja tu katika maisha yake: kabini tano za bure kwa jamaa zake, kila kabini vitanda vinne, katika miezi ya baridi ambapo abiria ni wachache. Wenzangu Wafilipino walileta mama zao. Mimi nataka kuleta nyumba yako nzima, wewe, vijana wako wanne, wake zao, na wajukuu ninaowaona kwenye picha tu. Barua za visa kampuni inaandika yenyewe.

Safari ziko tatu, na wewe ndiwe utakayechagua. Ya Januari ni giza mchana na usiku, lakini mbinguni kunatokea mianga ya kijani inayocheza, watu wanatoka Amerika kuja kuitazama. Ubaya wake bahari inachafuka na watoto watatapika. Ya Machi ina theluji na jua, kuna mbwa wanaovuta watu juu ya theluji, na ndani ya meli kuna bwawa la maji moto na chumba cha watoto kucheza. Ya Aprili bahari imetulia, kuna ndege wengi na nyangumi, ila chumba cha watoto kinafungwa. Kwa maoni yangu Machi ndiyo inafaa familia kubwa yenye wadogo.

Wanataka jibu kabla ya tarehe 30 Novemba, pamoja na majina, umri, uzito kwa ajili ya jaketi za kuokolea, na namba ya viatu, kwa sababu buti wanatoa wao. Kwa sasa niambie tu kwa wajukuu mmefika kwa nani, nijue nishike vitanda vingapi.

Leki yako,
Octave


Kindu, mtaa wa Kasuku, tarehe 12 Oktoba 2023

Octave,

Barua imefika. Kasereka aliisoma kwa sauti mbele ya watoto kabla mimi sijaigusa, kwa hiyo uharibifu umeshafanyika. Tangu juzi wanavaa triko za mitumba, zile sweta nzito, katika joto hili la Oktoba, wamepanga mabeseni yangu ya kuuza uani, wanasema ni meli. Chérie wa Paluku amekuwa kapiteni. Jana aliwakataza wenzake kukojoa kwa sababu, eti, maji yataganda. Sharifa jirani yangu amekuja kuuliza kama Waislamu pia wanaruhusiwa kwenye barafu. Muji wote unanicheka.

Sasa nije kwa neno lako. Unaniuliza tumefika kwa nani. Kweli wewe Octave huna haya.

Wewe na mimi tunajua hiyo hesabu ilitoka wapi. Vijana wetu wanaitwa kwa zamu ya kuzaliwa, Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, kila mumoja na nafasi yake. Muntu akimuuliza baba ana watoto wangapi, alijibu, nimefika kwa Katembo, na mugeni alielewa: vijana watano. Sisi wasichana watatu tuliokuwa jikoni tukipika bukari, ugali wa huyo mugeni, hatukuwa ndani ya jibu. Wewe, kijana wa tano, ulikuwa njo huyo Katembo. Ulikuwa jibu lenyewe, kwa hiyo haikukuuma.

Na mwaka wa 2002, wakati muji umezungukwa na wapiganaji na hakuna muntu anayetoka wala anayeingia ila kwa ndege, ulihesabu hivyo hivyo. Ulikuwa Goma, unapakia mizigo kwenye ndege ya Antonov, ukanitumia nafasi. Nilifika uwanjani na watoto wangu watano. Muntu wa ndege alikuwa na karatasi yenye jina lako, na juu ya karatasi imeandikwa nne. Nilimwomba. Nilimwambia huyu musichana ni mwembamba, ana miaka kumi na mbili, atakaa juu ya mufuko. Akasema nne ni nne. Nikapandisha Paluku, Kambale, Kasereka na Kakule. Jeannette, mutoto wangu wa kwanza, akabaki amesimama karibu yangu, na tukarudi nyumbani kwa miguu.

Unajua kilichofuata. Sitakuambia tumefika kwa nani. Tafuta watu wengine wa kulala kwenye vitanda vyako.

Kyakimwa


Bergen, tarehe 19 Oktoba 2023

Yaya,

Nimesoma. Sikukusudia kukuumiza, ni namna ya kuuliza tu, ilinitoka mdomoni kama inavyomtoka kila mtu wa kwetu. Nisamehe kwa hilo.

Lakini niseme na mimi. Ile ilikuwa vita. Kila mtu alifanya alichoweza, na mimi nilikuwa kijana wa kubeba mizigo, sikuwa mwenye ndege. Vijana wako wanne wapo leo, wana wake na kazi, kwa sababu ya ile Antonov. Nani aliwalisha Goma mwaka mzima na nusu? Nani alimpeleka Kakule kuchanjwa? Jeannette namkumbuka kila siku, Mungu ndiye shahidi. Tukiendelea kuchimba huko hatutatoka.

Angalia sasa watoto walio hai. Chérie ana miaka mingapi, kumi? Atakumbuka maisha yake yote kwamba aliona theluji. Na ujue jambo hili halirudi tena. Zawadi inatolewa kwa sharti kwamba mfanyakazi mwenyewe awe ndani ya meli kama abiria, akiwa likizoni. Nina likizo moja tu ndefu, kati ya Januari na Aprili. Nikiitumia kwa jambo lingine, au nikipitisha tarehe 30 Novemba, zawadi inakufa na likizo mpya ni ya mwaka mwingine.

Nimeuliza kuhusu Machi. Kuna mpishi atakayewapikia wali kila siku, na daktari yumo melini. Nitumie majina na namba za viatu. Hasira yako iweke pembeni miezi michache tu, kwa ajili ya watoto.

Leki yako,
Octave


Kindu, tarehe 28 Oktoba 2023

Octave,

Unaniambia niweke hasira pembeni. Iko pembeni miaka ishirini na moja. Iko pembeni kila unapotuma picha yako na kofia ya manyoya, kila Noeli unapoimba kwenye simu. Leo inatoka, na wewe utakaa kimya usome.

Mashamba yote yalikuwa ng'ambo ya vizuizi. Muntu akivuka upande ule alipigwa kwa kuitwa wa upande huu, akirudi alipigwa kwa kuitwa wa upande ule. Mume wangu Jacques alikuwa amekwenda Kibombo kutafuta muchele, njia ikafungwa nyuma yake. Tulibaki mimi na Jeannette katika nyumba ile ambayo juzi ilikuwa na makelele ya vijana. Wewe uliniandikia kwamba ndege ya wiki ijayo itatuchukua sisi wawili. Tulikwenda uwanjani mara tatu. Ndege hazikuja tena.

Jeannette alikuwa anaingia kwenye nyumba zilizoachwa kuchuma sombe, majani ya muhogo. Siku moja akarudi na matone ya jasho puani, akasema mama, tumbo. Hiyo ilikuwa Jumanne. Dawa hazikuwepo muji muzima, hata chumvi ya kumchanganyia maji niliomba nyumba kwa nyumba. Ijumaa, tarehe 23 Agosti, alikufa. Sharifa akatoa kitambaa cheupe alichojiwekea yeye mwenyewe kwa siku yake, akamvika mwanangu, Mukristo, bila kuniuliza neno. Wewe unamkumbuka kila siku. Vizuri. Mimi nilimwosha.

Mwaka uliofuata njia ikafunguka. Jacques akaingia uani na baiskeli na mufuko wa muchele, akakuta nyumba haina mutoto hata mumoja. Nikamwambia vijana wanne wako kwa Octave, Goma. Akauliza, na Jeannette? Hakuniuliza tena mpaka alipokufa yeye mwenyewe.

Nawe uliwarudisha vijana kwa mukono wa mufanyabiashara, ukasema utakuja. Ukapita Kigoma, ukaingia kambini Tanzania, njo huko ulikotoa hicho Kiswahili chako kizuri, kisha Ulaya. Kaburi la mutoto wa dada yako hujaliona hata kwa picha.

Na nitasema lile ambalo sijawahi kukuambia. Siamini kwamba ulisahau. Nyakati zile nafasi ya ndege ilikuwa inauzwa Goma kama mukate. Jeannette ulimjua, ulimbeba mugongoni. Nafasi ya tano ilikuwepo, na uliiuza.

Kyakimwa


Bergen, tarehe 4 Novemba 2023

Kyakimwa,

Sikuuza. Hakuna aliyenitukana hivyo tangu nizaliwe, hata polisi.

Miaka yote hii nilikuwa na karatasi mbili ndani ya Biblia. Nilikwenda nazo kambini, zikalowa mvua, nikazianika. Niliapa sitakuonyesha. Sasa umeniita mwizi wa roho ya mtoto, basi soma. Ya kwanza ni nakala niliyojiwekea, ya pili ni yako. Nimezipiga picha, Kasereka azichapishe jinsi zilivyo.

Octave


[Goma, tarehe 9 Mei 2002

Yaya mupendwa,

Nakuandikia upesi, barua inabebwa na kijana wa ndege. Kuna Antonov itakayoleta sabuni na bia kwa wakubwa wa huko na kurudi na watu wachache. Bwana wangu wa kazi amekubali nipandishe watoto wako. Niambie haraka mko wangapi nyumbani, maana muntu wa ndege anataka namba moja na akishaiandika habadilishi. Goma ni baridi, wavishe triko zote walizo nazo. Usiogope, nitawatunza.

Leki yako, Octave]


[Kindu, tarehe 14 Mei 2002

Leki yangu Octave,

Mungu akubariki. Huku hatulali kwa bunduki. Mimi nitangoja, sitaki kuchukua nafasi ya mutoto, uandike watoto peke yao. Jacques haiko, nafikiri ni muzima lakini sijui. Unauliza tuko wangapi: tumefika kwa Kakule. Wachukue wote. Paluku ana kikohozi, umpe asali.

Yaya yako, Kyakimwa]


Kindu, tarehe 15 Novemba 2023

Mujomba Octave,

Ni mimi Kasereka. Hii naandika bila Mama kujua.

Nilichapisha zile karatasi mwenyewe, kwa hiyo nilizisoma. Nilikaa nazo siku nzima kwenye droo. Nilitaka kuzipasua nimwambie Mama internet ilikatika. Lakini alikuja mwenyewe juu ya pikipiki, akasimama mbele ya meza yangu mbele ya wateja, akasema leta.

Alizisoma palepale. Ile ya mwisho aliirudia, akaweka kidole juu ya mustari mumoja, akakiacha pale. Kisha akakunja karatasi, akaondoka kwa miguu. Tangu siku hiyo duka limefungwa. Leo ni siku ya sita. Hasemi na sisi. Sharifa njo anaingia na chakula, anatoka na sahani. Nilimuuliza Sharifa Mama anasema nini, akanijibu kwamba hayanihusu.

Mujomba, nitakuambia bila kuzunguka. Ungeweza kufa na hizo karatasi. Miaka ishirini na moja Mama alikuwa na muntu wa kumkasirikia, na huyo muntu alikuwa mbali, ana kazi, ana afya, anaweza kubeba. Sasa umemwachia nani?

Mimi nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka Jeannette alinishika kidevu pale uwanjani akafunga kifungo cha juu cha triko, akaniambia nisilie mbele ya Kakule, yeye anakuja na ndege ya kesho. Nililia njia nzima kwa sababu kifungo kilinibana, si kwa sababu yake. Hilo ninalo mimi, na sijamwambia muntu.

Watoto wanauliza kila siku kuhusu meli. Binti yangu Claire anataka kujua kama mbwa wa theluji wanauma. Sijui niwajibu nini. Tarehe 30 inakaribia na hakuna jina hata moja lililoandikwa.

Kasereka


Bergen, tarehe 18 Novemba 2023

Yaya,

Kasereka ameniandikia. Usimgombeze.

Nilituma kwa hasira. Ulinichoma na mimi nikatafuta kisu kikubwa kuliko chako. Lakini kuna kitu sikukiandika siku ile, na bila hicho zile karatasi ni uongo nusu.

Niliposoma "tumefika kwa Kakule", mtu wa ndege alikuwa mbele yangu na kalamu. Nilisema nne. Sikufikiri hata kidogo. Na ulisema kweli, nilimbeba mgongoni yule mtoto, nilimfundisha kusoma saa. Lakini hakunijia kichwani. Ndege ilipotua Goma, Paluku akashuka, akaniuliza, Mjomba, yaya atakuja lini? Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba dada yangu ana mtoto wa kike. Kisha nikakuandikia zile habari za ndege ya wiki ijayo, bila kujua kama ipo.

Ndiyo sababu sikuja Kindu. Kila nilipofika njiani nilijiuliza nitasimama mbele ya kaburi lake niseme nini, kwamba sikukuchukia, nilikusahau tu? Nikaona heri uniite mwizi.

Sijajaza fomu. Vitanda vyote ishirini nimevishika bila majina. Chagua Januari, Machi au Aprili, au unitukane. Lakini jibu.

Octave


Kindu, tarehe 24 Novemba 2023

Octave,

Nimefungua duka leo asubuhi, kwa hiyo nina nguvu ya kuandika.

Mukono ulioandika ni wangu. Niliutazama sana kuona kama kuna muntu aliyeniigiza, na hapana, hiyo K yenye mukia ni yangu. Swali lilikuwa mko wangapi. Nilikuwa na watoto watano ndani ya nyumba, na musichana aliyenishikia taa wakati naandika ile barua njo alikuwa wa kwanza wao. Nikaandika tumefika kwa Kakule, chini ya taa yake. Nikampa yeye mwenyewe apeleke barua kwa kijana wa ndege. Alikwenda mbio.

Mimi ambaye nilimchukia baba kwa hesabu ile. Mimi ambaye nilikaa jikoni nikisema nikizaa nitajibu kwa namna yangu. Siku iliyokuwa ya maana nilijibu kwa mudomo wa baba. Nina hasira na mimi mwenyewe kiasi kwamba nimevunja sahani tatu, na Sharifa amenikataza kugusa vyombo vyake.

Nilimwambia Sharifa yote. Akaniuliza swali moja: je, Octave amewahi kuja? Nikasema hapana. Akasema basi hilo ni lake, halimo ndani ya barua yako.

Ni kweli. Kwa hiyo usifikiri umepona. Mimi niliandika vibaya, wewe ulisoma vibaya, tulifundishwa na muntu mumoja. Hapo tuko sawa, nakubali, na kukubali kunanikera. Lakini mimi kila Jumamosi napanda pikipiki nakwenda kule kaburini, nang'oa majani, nasimama. Miaka yote nilikuwa nakwenda na neno moja: mujomba wako aliuza nafasi yako. Mutoto amelala miaka ishirini na moja akisikia uongo wa mama yake. Jumamosi iliyopita nilifika nikashindwa kusema. Na wewe uko wapi? Unapanga mashuka. Unaogopa kumwambia mutoto aliyekufa kwamba ulimsahau, halafu unataka kumlipa kwa kuwavalisha buti watoto wengine.

Sichagui Januari, sichagui Machi, sichagui Aprili. Hiyo mianga yako ya kijani sitaitazama nikiwa na wewe pembeni yangu kwenye kiti, tunakula wali, hatujasimama pamoja hata mara moja mahali tunapodaiwa kusimama. Umesema una likizo moja. Sikulazimishi. Kama unataka sana meli, nenda, wape Wafilipino vitanda vyangu. Lakini usiniulize tena nichague nini. Zamu ya kuchagua ni yako.

Kyakimwa


Bergen, tarehe 30 Novemba 2023

Yaya,

Leo saa tatu asubuhi nilipanda ofisini nikarudisha fomu haina jina. Mama wa ofisi, Mnorwe mmoja mpole, aliniuliza mara mbili kama nimeelewa, kwamba zawadi hii haina ya pili. Nikamwambia nimeelewa. Akauliza kama familia yangu inaogopa baridi. Nikasema hapana, hawaogopi kitu, hasa wanawake.

Likizo yangu inaanza tarehe 8 Januari. Nitafika Kinshasa tarehe 9, na ndege ya Kindu ni tarehe 11, Alhamisi. Nakuja peke yangu. Sijui nitasema nini kule, na sitaandaa maneno, maana yale ninayoandaa huwa ni uongo. Kama hutaki nilale kwako, Kasereka anitafutie chumba cha wageni pale Kasuku, sitalalamika.

Sijawaambia watoto. Nilijaribu kumwandikia Claire, nikafuta.

Octave


Kindu, tarehe 9 Desemba 2023

Octave leki yangu,

Barua imefika, na safari hii niliichukua kwa Kasereka nikaisoma mimi kwanza. Kisha nikawaita wote uani, nikawaambia mwenyewe kwamba meli imeondoka bila sisi na babu Octave anakuja badala yake.

Hujawahi kuona vita ya namna hii. Chérie alivua triko akaitupa juu ya paa la Sharifa, iko huko mpaka leo. Claire alilia mpaka akapata homa, ameshapoa. Rehema mudogo aliniuliza kama babu Octave ni mukubwa kama meli, nikamwambia ni mufupi tu, akasema basi arudi. Wale mapacha wa Kambale wamekataa kukuita babu. Hata Muhindo ambaye hajajua kusema vizuri amejifunza neno moja, theluji, analisema akipiga beseni kwa kijiko. Mama zao wamenikasirikia mimi, waume zao wamekukasirikia wewe, na mimi nauza mabeseni yenye mashimo.

Usichukue chumba cha wageni. Kitanda kiko, kile cha upande wa dirisha, nimeshakianika. Usilete zawadi, watakuona unawahonga.

Uliuliza tumefika kwa nani, sikukujibu. Tuko na wasichana saba: Chérie, Claire, Jeanine, Rehema, Rachel na mapacha wawili. Na vijana wanne, Muhindo njo wa mwisho. Ni watoto kumi na mumoja, na wote kumi na mumoja wana hasira na wewe. Mimi miaka hii yote nilikuwa naibeba peke yangu, sasa nimepata wa kunisaidia. Alhamisi ile ya Januari ukishuka kwenye ndege utawakuta wamejipanga uani. Utakaa kwenye kiti uwaeleze mumoja mumoja, kwa jina, ukianza na mukubwa, kwa nini hawataona theluji. Usiruke hata mumoja. Utawaambia shangazi yao Jeannette alikuwa nani, maana wengi wao hawajui. Ukimaliza na wa mwisho, njo mimi nitavaa viatu, twende kaburini.

Yaya yako,
Kyakimwa